Ukipogoa ua, waachie ndege majani

Mwaka juzi nilimwomba kijana anayenisaidia bustanini, hapa Dar es Salaam, apogoe bogenvilia iliyolemea ukuta, ila asiguse kiota cha shore. Hakukigusa: kijikombe cha nyasi kwenye panda, mayai mawili ya waridi yenye madoa. Alikata tu kila kilichokizunguka. Kesho yake asubuhi kunguru alikuwa juu ya ukuta na kiota kitupu. Kosa lilikuwa langu, sikumweleza.

Shore hana ngome nyingine zaidi ya majani. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani, na mayai na makinda ni chakula chao. Hata wasipofika, jua la saa saba likiwapiga makinda wasio na manyoya, hawamalizi siku.

Pwani, ndege wengi hujenga mvua zikinyesha, wadudu wanapokuwa tele. Mimi hupogoa Februari, kwani masika yakiingia ua unachipua upesi na kufunga tena. Ukichelewa, ngoja Agosti. Ila tetere haangalii kalenda, huatamia karibu mwezi wowote, kwa hiyo chunguza kila mara.

Kuchunguza si kufunua matawi. Kaa mbali kidogo asubuhi na kikombe chako cha chai, nusu saa hivi. Ndege anayeingia na unyasi mdomoni anajenga. Mwenye mdudu ana makinda. Kiota cha chozi kitakudanganya: ni kifuko kinachoning'inia, kimefungwa kwa utando wa buibui, na ukikitazama harakaharaka utadhani ni takataka zilizonasa.

Ukikuta kiota, funga kitambaa kwenye tawi la nje ili mwenye mkasi ajue, kisha acha mita moja na nusu kila upande. Shore huatamia kama wiki mbili, na makinda huruka kabla ya wiki mbili nyingine kwisha. Mwezi mmoja, basi. Upande wa pili wa ua endelea na kazi.

Ua uliozeeka usiunyoe kipara. Chagua theluthi moja ya mashina manene, uyakate karibu na ardhi, mengine yasubiri mwaka ujao na ule unaofuata. Tumia msumeno, panga hupasua shina na kulifungulia maradhi. Gonga kichaka kwa fimbo kwanza, nyoka naye hupenda kivuli. Kwa michongoma vaa glovu ngumu, na kwa minyaa vaa miwani: utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, si maji ya bomba tu.

Na ukiangusha kinda? Mwenye manyoya anayerukaruka mweke kwenye tawi la karibu, paka afungiwe ndani. Aliye uchi mrudishe kiotani. Tumeambiwa tangu utoto kwamba mama atamkataa kwa harufu ya mkono wa mtu, na si kweli. Mrudishe, halafu ondoka kabisa, maana mama harudi ukiwa umesimama pale.