HAKI YA KIBANJA

Fahamu, ewe msomaji, ya kuwa nchi inayotawaliwa kwa kura za raia haikusudii kuwafanya watu wote wawe na shauri moja. Jambo hilo haliwezekani. Inalokusudia ni kwamba mnyonge akifungiwa mlango mmoja asikose mwingine wa kubisha, na aliyefunga mlango wa kwanza asiwe ndiye mwenye funguo zote.

Zamani katika nchi ya Ihangiro, ambayo sehemu yake kubwa leo imo wilayani Muleba, ardhi na amri na hukumu vyote vilikuwa mkononi mwa Mukama. Aliyenyang'anywa kibanja na Mukama alimshitaki kwa nani? Uwezo wa machifu uliondolewa kwa sharia mwaka 1963. Na mwaka 1965 Bunge likaondoa nyarubanja, yaani zile ardhi za wakuu ambazo waliokaa na kulima humo walimtolea bwana kodi. Mlimaji akawa ndiye mwenye shamba. Hilo halikuwa la ajabu sana, kwani wapangaji walikuwa wengi na mabwana wachache, na kura huhisabiwa kwa vichwa.

Lakini je, kama mwenye kudai haki ni mtu mmoja tu, na wanaomkataza ni jamaa zake wote? Kwa huyo hisabu ya vichwa haifai kitu.

Alikuwako mwanamke wa Kihaya aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wasia. Akawa mzee, wala hana wa kumtunza. Mwezi wa Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo wake. Mwanamume mmoja wa ukoo, mtoto wa ndugu yake, akafungua shauri katika mahakama ya mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, ili mauzo yabatilishwe. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani mila za urithi zilizoandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963 zilisema wazi ya kuwa mwanamke aweza kutumia shamba la ukoo maisha yake, lakini hawezi kuliuza. Mahakama ya Kashasha ikampa haki huyo mwanamume.

Wala asidharauliwe. Katika kibanja ndimo yalimo makaburi ya wazee na migomba inayolisha nyumba. Kikienda kwa mgeni, ukoo hupungukiwa na zaidi ya ardhi. Hayo ni maslaha ya kweli, wala hayakuwa uchoyo mtupu.

Mwanamke akakata rufani kwa hakimu wa wilaya Muleba. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwani mwaka 1984 Bunge lilikuwa limetia haki za binadamu ndani ya Katiba, na mahakama zikapewa idhini ya kuzitumia tangu Machi 1988, miezi michache tu kabla ya shamba kuuzwa. Hakimu wa Muleba akasema ya kuwa mwanamke na mwanamume wa ukoo sasa wana haki sawa. Mwanamume naye akapanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya. Ilivyokuwa mwaka 1968, Mahakama Kuu ililetewa shauri la Wahaya lifananalo na hili, ikaona ya kuwa mila ikibadilika, ibadilishwe na wenyewe. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya hakufuata njia hiyo. Alisema kwamba Katiba iko juu ya mila, na mauzo ni sahihi.

Hata hivyo hakuutupa ukoo. Aliacha ile desturi ya kukomboa, ila aliisawazisha: mtu wa ukoo akiuza bila ridhaa ya wenziwe, akiwa mwanamume au mwanamke, wao waweza kulirudisha shamba kwa kulipa thamani yake. Akampa yule mwanamume muda wa miezi 6 alete shilingi 300,000. Asipoleta, shamba ni la mnunuzi. Basi aliyeshindwa naye alitoka na kitu mkononi, na mzee alibaki na fedha zake.

Bunge lilifuata nyuma. Sharia ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yo yote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa halali, na inataka katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 wawe wanawake. Lakini kanuni za urithi za 1963 hazikufutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga, Mahakama Kuu ya Dar es Salaam mwaka 2006 ilikiri ya kuwa zina ubaguzi, na pamoja na hayo ikakataa kuzibatilisha. Ikaona kazi hiyo ni ya halmashauri za wilaya, ambazo sharia imezipa uwezo wa kuandika mabadiliko ya mila za watu wao na kuyapeleka kwa Waziri.

Uwezo huo halmashauri ya Muleba inao, na ya Bukoba inao vile vile. Madiwani wake huchaguliwa killa baada ya miaka 5, na katika uchaguzi huo mwanamke aliyerithi kibanja ana kura moja, sawasawa na mkuu wa ukoo wake.