Tambi za Papai Bichi kwa Tui la Nazi

Katika nyumba nyingi za Unguja tambi hupikwa kwa tui, sukari na iliki. Ni tamu kweli, lakini kwa mgonjwa wa kisukari ni mzigo juu ya mzigo. Gramu 100 za tambi zilizopikwa, kabla ya kutiwa sukari, zina wanga wa gramu 30 hivi. Kabichi ya uzito huo ina gramu 6 tu, na papai bichi halipishani nayo sana.

Mara nyingi baba au bibi mwenye kisukari hupikiwa chungu chake, akala peke yake kama aliyeadhibiwa. Chakula hiki kinaliwa na nyumba nzima.

Nunua papai bichi moja, nazi moja na kamba nusu kilo. Darajani vyote hupatikana. Menya papai, toa mbegu, osha utomvu, kisha likate nyuzi nyembamba ndefu. Nyunyiza chumvi, acha robo saa, suuza na ukamue kwa nguvu. Usiache hatua hii, maana papai lenye maji huharibu mchuzi wote. Chemsha dakika tatu, uchuje. Mama mjamzito atumie kabichi au mumunye, kwa kuwa utomvu wa papai bichi haumfai.

Kaanga kitunguu, thomu na tangawizi kwa mafuta kidogo, tia bizari ya manjano, kisha tui la pili, uliache lichemke mpaka lipungue. Wengine hutia unga ili mchuzi uwe mzito, sisi hatutii. Weka kamba, halafu tui zito, ukikoroga lisikatike. Mwisho changanya papai na ukamulie ndimu. Tui lina mafuta mengi, hivyo nazi hiyo moja iwatoshe watu watano au sita.

Jambo moja ni la hatari. Anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenklamidi asiache wanga ghafla bila kuongea na daktari wake, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho jingi au akianza kuchanganyikiwa, mpeni upesi maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, ikiwa anaweza kumeza. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni hospitali mara moja.