Kitabu cha Kwanza Kichekeshe: Vidokezo Saba kwa Wazazi na Walimu wa Kata ya Ukata, Mbinga

Mtoto wa darasa la pili ameshamaliza silabi. Sasa anataka kitabu chake mwenyewe, chenye sura fupi fupi. Mpeni cha kuchekesha! Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti safi asielewe kitu. Lakini hawezi kucheka panapochekesha bila kuelewa. Kicheko ni kipimo cha ufahamu, tena hakina maksi wala fimbo.

1. Anza na Abunuwasi. Hekaya zake zimechekesha vizazi vya Afrika Mashariki, na kila kisa kinajitegemea. Chukua kile cha sufuria. Abunuwasi anaiazima kwa jirani, anairudisha ikiwa na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea vyote kwa furaha. Safari nyingine Abunuwasi harudishi kitu: sufuria imefariki. Aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Mtoto akicheka hapo, jua ameifuata hoja tangu mwanzo. Lugha ya matoleo ya zamani ni nzito kidogo, hivyo someni pamoja.

2. Pima urefu wa maneno, si wa sentensi tu. “Hawakumkimbilia” ni neno moja, lakini lina silabi nane. Anayeanza kusoma atachoka kabla hajalimaliza. Tafuta kitabu chenye vitenzi vifupi na maneno yanayojirudia. Uchache wa maneno hauui utamu: Dr. Seuss wa Marekani alitumia maneno tofauti 236 tu katika *The Cat in the Hat* cha mwaka 1957, na watoto wanakicheka hadi leo.

3. Chagua sura zinazoishia penye hamu. Kurasa tatu au nne zinatosha kwa jioni moja. Fisi ameingiza kichwa kwenye chungu na mwenye nyumba anabisha hodi? Sura iishie hapo. Kesho mtoto atakitafuta kitabu mwenyewe.

4. Mruhusu asimulie kwa lugha ya nyumbani. Watoto wengi wa Mbinga huja shuleni na Kimatengo. Kule ziwani, Mbamba Bay na Liuli, wengi huja na Kinyasa. Akishasoma kisa kwa Kiswahili, akamsimulie bibi kwa lugha ya bibi. Bibi akicheka, msomaji wetu amefaulu mara mbili.

5. Soma naye kwa sauti, na uigize. Fisi apewe sauti nzito, Sungura ya haraka haraka. Hata msimu wa kuchuma kahawa, mkirudi mmechoka, sura moja baada ya chakula haiwashindi. Kitabu kiwe mbele ya mtoto, afuate mistari kwa kidole.

6. Tumia simu ya mzazi. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye picha, zilizopangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache hadi aya ndefu. Ni bure, na leseni yake inaruhusu kunakili na kuchapa. Ukienda Mbinga mjini kwenye mtandao mzuri, pakua kadhaa. Mwalimu akichapa nakala, darasa zima litasoma.

7. Angalia nani anachekwa. Mnyonge akimzidi akili mwenye nguvu, hicho ni kicheko kizuri. Kitabu kinachomcheka kiwete, mwenye kigugumizi au maskini kiachwe dukani. Darasani yumo mtoto ambaye kicheko hicho kitamfanya asipende kusoma tena.

Vitabu vya Kiswahili kwa watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukivihimiza tangu mwaka 1991, na wachapishaji wetu wanaendelea kuvitoa. Kazi iliyobaki ni kuvifikisha mikononi mwa watoto. Ndugu wazazi, kikao kijacho cha shule kikija na ajenda ya madawati na chakula, ongezeni moja: vitabu vya ziada vya kuchekesha kwa darasa la kwanza na la pili. Hata vitano tu, vikizunguka nyumba hadi nyumba, vitatuletea wasomaji.