Plagi Kabla ya Safari ya Mbale

Baadhi yetu huja chuoni Mbale kutoka Jinja kwa magari ya zamani, tukiwa tumewabeba wenzetu. Injini ikianza kukohoa usiku wa mvua katika barabara ya Tirinyi, pale bonde la mto Mpologoma, fundi yuko mbali. Basi leo tujifunze plagi na nyaya zake.

Corolla yangu ni ya enzi ya distribyuta: umeme hutoka kwenye koili, distribyuta huugawa, nao hupita kwenye nyaya hadi plagi. Ncha ya plagi huliwa kidogo kidogo, pengo likapanuka, na koili ikalazimika kutoa umeme mkali zaidi. Ukikuta waya mkongwe wenye ufa, umeme huo hutorokea kwenye chuma cha injini, hasa penye unyevu. Ndiyo maana gari zima la kiangazi hukosa nguvu msimu wa mvua. Fungua boneti gizani injini ikiwa imewaka, utaona cheche za buluu. Usiguse, na kanzu au mtandio viwe mbali na feni!

Plagi za kawaida nazibadilisha kila kilomita 20,000, injini ikiwa baridi, kwa kuwa silinda hedi ya alumini huharibika hesi upesi. Nakaza kwanza kwa vidole. Nyaya natoa mmoja mmoja, maana ukichanganya mpangilio wa 1-3-4-2 gari haliendi.

Plagi kuukuu isome kabla ya kuitupa. Kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu, petroli imezidi hewa, kagua chujio. Ikilowa mafuta ya injini, mwite fundi. Plagi mpya haitatibu hilo.