Baridi Yetu Iko Juu ya Mlima



Baada ya darasa letu la Surat An-Naml, ndugu mmoja anayejua kuwa nasoma kilimo aliniuliza: "Hawa sisimizi wa moto walioingia Ulaya, watafika Kasese?" Nilimjibu kwa kifupi pale msikitini, nikaahidi kuandika.

Sisimizi huyo asili yake ni Amerika Kusini. Aliingia Marekani kupitia bandari ya Mobile, Alabama, katika miaka ya 1930, akaenea majimbo ya kusini. Kaskazini alizuiwa na baridi, kwa maana ardhi ikiganda muda mrefu kundi zima hufa. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kuwa wamekuta viota vyake 88 huko Sicily, Italia. Baridi ikizidi kupungua, hofu ni kwamba atasogea mbele zaidi. Tusimchanganye na siafu wetu. Hao ni wengine.

Lakini sisi wa Kasese baridi yetu haiko kaskazini, iko juu. Ikweta inapita hapa kwetu, na mtu akitoka Hima kuupanda mlima wa Rwenzori, joto hushuka kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Mdudu wa kumwangalia katika ngazi hiyo ni yule anayetoboa kahawa, ambaye wakulima wa Tanzania humwita ruhuka.

Ni mbawakavu mweusi asiyefika milimita 2. Jike hutoboa tunda kwenye kitovu chake, akaingia mpaka ndani ya punje na kutaga humo. Watoto huila punje hiyo. Madume hayana uwezo wa kuruka, maisha yao yote huishia ndani ya tunda walimozaliwa. Ndiyo maana dawa ya kupuliza humpata kwa shida.

Mwaka 2009 Juliana Jaramillo wa ICIPE, Nairobi, na wenzake walichapisha vipimo vyake: chini ya nyuzi 15 hivi hakui, na juu ya 32 vilevile. Waliandika pia kuwa hadi miaka kumi hivi nyuma hakukuwa na taarifa za mdudu huyu kushambulia mashamba yaliyo juu ya mita 1,500. Mwaka 2011 wakakadiria kuwa hali itazidi kuwa mbaya katika maeneo ya arabika, yakiwemo ya Ethiopia, Rwanda, Burundi na upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Elgon ni mlima wa arabika kama wetu.

Babu yangu ana kahawa huko juu ya Hima, na ada yangu hutoka humo. Tangu utotoni tulichuma nyekundu tu, iliyoanguka tukaiachia mvua. Likizo iliyopita nilipasua matunda makavu niliyookota chini ya mti mmoja. Mengi yalikuwa na vumbi tupu, na ndani ya vumbi vidudu vyeusi vinatembea. Babu akasema, "Hawa walikuwa wa watu wa chini."

Basi kazi ya kwanza ni kuokota. Tunda lililobaki mtini au lililoanguka ndilo nyumba yake ya kungojea msimu ujao, kwa hiyo huchumwa na kuokotwa lote, likazikwa kwa kina au kutiwa maji ya moto. Kivuli nacho hupunguza joto shambani, migomba ikiwemo. Uko pia mtego wa chupa yenye spiriti, ambayo harufu yake humvuta jike. Najua mtauliza kuhusu spiriti; hakuna anayeinywa, ila hukumu namwachia shekhe wetu.

Na hapa sisimizi anarudi. Watafiti katika mashamba ya kahawa ya Mexico wameona aina kadhaa za sisimizi wakimshambulia mdudu huyu. Babu alizoea kuvichoma moto viota vyote vya shambani. Nilimkumbusha hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akaamrisha kiota chao kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake kwa ajili ya umma mzima unaomsabihi. Babu alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama sisimizi wa kwetu nao wanakula vidudu hivyo. Tumekiacha kiota kimoja chini ya miti mitano, na likizo hii nitapasua matunda ya pale na ya mbali nacho, nihesabu.