Kabureta Mbili, Pumzi Moja

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi ukiona Datsun 240Z ya zamani ikiteremka barabara ya Oginga Odinga kuelekea ziwani, silinda zake sita zikinguruma bila kukohoa hata mara moja, jua kwamba kuna mtu aliyeinama na kuisikiliza injini hiyo. Makala haya yanahusu usikilizaji huo.

Gari lenyewe si geni katika nchi yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, tena kwa kukabana koo, kwa maana Mehta na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, walimaliza wakiwa na alama sawa, ikabidi kanuni itumike kuwatenganisha. Hata jirani yetu Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kuishinda Safari mwaka 1965, 1974 na 1976, alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Nayasema haya kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani ufundi ni kazi ya waliofeli mtihani.

Sasa tuingie katika somo. 240Z za barabarani zilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi, zilizoundwa kwa mfano wa SU ya Uingereza. Ile ya mbele hulisha silinda ya 1, 2 na 3; ya nyuma hulisha ya 4, 5 na 6. Katika fizikia ya kidato cha pili tulisoma kanuni ya Bernoulli: hewa ikipita mahali pembamba, mwendo wake huongezeka na shinikizo lake hupungua. Hapo ndipo petroli inapofyonzwa. Ndani ya kabureta hii mna pistoni ndogo (si zile za injini) inayopanda na kushuka kulingana na hewa inayovutwa. Chini yake kuna sindano iliyochongoka, ambayo huingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, sindano hupanda nayo, nafasi hupanuka na petroli zaidi hupita. Injini hupenda kilo 14.7 hivi za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na mafuta hulika bure. Ikipungua, injini hupata joto kali na vali zaweza kuungua.

Kosa ninaloliona kila mara ni hili: gari likikohoa tu, bisibisi mkononi, kabureta ya kwanza kulaumiwa! Kumbe kabureta inafaa iwe ya mwisho.

Hebu tutazame mfano mmoja. Mwalimu mmoja mstaafu anayekaa Milimani ana 240Z. Kwenye tambarare ya Ahero ilikwenda vizuri, lakini ikianza kupanda kutoka Awasi kwenda Kericho ilimisi na kutoa moshi. Akazunguka gereji tatu. Kila gereji ilipindua skrubu za kabureta, ikadai pesa, na gari likazidi kuwa baya. Mwishowe akashauriwa azing'oe zote mbili na kufunga moja ya pikapu. Mzee alikuwa karibu kukubali. Ndipo akampata fundi wa jua kali pale Kibuye, mzee mwenzake, ambaye hakugusa skrubu hata moja. Aliuliza tu, "Mwalimu, hawa vijana waliangalia plagi?"

Hawakuangalia. Fundi akazifungua zote sita na kuzipanga kwa mfuatano juu ya gunia. Tatu za mbele zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, kama biskuti. Tatu za nyuma zilikuwa nyeusi tititi kama sufuria ya mkaa. Msomaji, hapo umeshajua nusu ya jibu! Lau ingekuwa plagi moja tu iliyo nyeusi, tungeshuku waya wake, plagi yenyewe au silinda hiyo. Lau zote sita zingekuwa nyeusi, tungeanza na filta ya hewa iliyoziba au choki isiyorudi. Lakini tatu za upande mmoja! Huyo ni mkosaji mmoja, na anakaa nyuma.

Fundi akafungua chumba cha boya cha kabureta ya nyuma. Boya hili hufanya kazi kama ya boya la nyavu pale Dunga: huelea. Petroli ikifika kimo chake, boya huinua vali na kufunga mlango. Katika vali hiyo palikuwa na chembe ya kutu, ndogo kuliko punje ya wimbi. Mlango haukufunga, petroli ikafurika. Mwalimu alikuwa amewahi kununua petroli ya mtungi safarini, na bila shaka kutu ilitoka huko. Tena lilikuwa jambo la hatari, kwa kuwa katika injini hii egzosi iko upande uleule, chini ya kabureta. Petroli inayodondoka juu ya chuma cha moto haihitaji kiberiti. Gari lingeweza kuteketea na mwenyewe akiwa ndani.

Kusafisha vali kulichukua dakika chache. Kilichochukua alasiri nzima ni kurekebisha zile skrubu zilizopinduliwa na watu watatu. Kazi hiyo ndiyo kusawazisha, na hufanywa hivi.

Kwanza, hakikisha mengine yote yako sawa: nafasi ya vali, pointi, taiming na plagi safi. Tafuta pia mahali hewa inapopenyea. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na injini, mbali na distributa. Mngurumo ukibadilika, gaskiti imechoka. Usitumie petroli kwa jaribio hili, hata kama umemwona mtu akifanya hivyo. Kisha inua kila pistoni kwa kidole na uiachilie. Yapasa ishuke yenyewe na kugonga chini, "tak!" Ikisita, safisha pistoni na kuba lake, lakini usilete msasa karibu, wala usichanganye pistoni ya mbele na kuba la nyuma, kwani kila moja ina mwenziwe. Angalia mafuta mepesi yaliyo juu ya pistoni pia. Yakikauka, gari husita ukikanyaga akseleta ghafla, na watu husema "kabureta imekufa" ilhali inadai matone machache tu.

Washa injini mpaka ipate joto lake la kawaida. Fanya kazi hii nje, kwa sababu kaboni monoksidi haina harufu na huua. Zima, kisha legeza kile chuma kinachounganisha vilango vya hewa vya kabureta mbili, ili kila moja ijitegemee. Hili wengi hulisahau, halafu wanashangaa mbona wakigusa moja na nyingine inatikisika! Pandisha jeti zote mbili hadi mwisho, kisha uziteremshe sawasawa, mizunguko miwili na nusu hivi, pawe mahali pa kuanzia.

Washa tena. Chukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu kama mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Utasikia mvumo: "ssssss." Hamia kabureta ya nyuma, ukiweka ncha mahali palepale. Ile inayovuma zaidi inavuta hewa nyingi, kwa hiyo punguza skrubu yake ya kilango au ongeza ya mwenzake, mpaka masikio yasiweze kutofautisha. Kuna vyombo vya kupimia jambo hili, lakini mpira haugharimu chochote, nami nasadiki sikio lililozoeshwa halidanganyi sana.

Hewa ikilingana, geukia petroli. Inua pistoni ya kabureta moja kiasi cha milimita moja tu na usikilize. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha jeti kidogo. Injini ikitaka kuzimika, petroli imepungua: teremsha jeti. Ikipanda kidogo kwa nukta moja na kutulia, umefika. Fanya hivyo kwa nyingine, kisha rudi kwenye mpira, maana ukibadili petroli hewa nayo hubadilika. Utaenda na kurudi mara tatu au nne, na atakayekosa subira afadhali akacheze kandanda. Mwisho, kaza kile chuma cha kuunganisha huku vilango vyote viwili vikianza kufunguka kwa wakati mmoja, ongeza mwendo wa injini na usikilize tena.

Mwalimu alipojaribu gari lake kuelekea Kericho, lilipanda bila kumisi. Hata hivyo fundi alimwonya kuhusu kimo. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukipita Kericho na Mau Summit hadi Timboroa, unavuka mita 2,700, ambako hewa ni haba kwa takriban robo ukilinganisha na ya Mombasa. Kabureta haijui hilo. Itaendelea kutoa petroli karibu ileile kwa hewa iliyopungua, na gari lililosawazishwa Kisumu litakuwa zito kidogo huko juu. Kwa safari ya siku moja, livumilie tu. Kinyume chake ndicho kibaya: gari lililobanwa petroli huko baridini likiteremshwa ziwani hukutana na hewa nzito na petroli chache, na hapo vali huanza kuungua bila dalili ya moshi. Kwa hiyo anayekaa juu kwa majuma kadhaa na kupandisha jeti aandike kwenye karatasi amezungusha kiasi gani, aiweke ndani ya gari, na azirudishe zote mbili kwa kiasi hichohicho kabla ya kuanza kuteremka.