Chakula cha Ziada kwa Ng'ombe wa Nyama: Somo kwa Mnunuzi Kabla ya Kiangazi

Kila mwaka, kuanzia Juni hadi mvua za Novemba, mfugaji wa Shinyanga, Simiyu, Tabora, Singida au Dodoma hushuhudia jambo ambalo kwa mgeni lingekuwa kitendawili. Nyasi zimesimama malishoni, mashamba yamejaa mabua, na bado ng'ombe wanakonda. Maksai aliyekuwa na kilo 270 mwezi wa Mei aweza kuingia Oktoba akiwa amepoteza kilo 30 au zaidi, na aliyempeleka mnadani wakati huo amekwisha kuuza hasara. Huu ndio msimu ambao maduka ya vyakula vya mifugo hupata wateja wengi. Ndio pia msimu ambao fedha nyingi za wafugaji hupotea, kwa sababu mtu hununua gunia bila kujua mnyama wake amepungukiwa na nini.

Tumbo lililojaa, mwili wenye njaa

Ng'ombe hasagi nyasi kwa nguvu zake mwenyewe. Katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa ambalo chakula hurudishwa kutoka humo ili kicheuliwe, wanaishi vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyuzi ngumu za majani. Mfugaji anapolisha ng'ombe, kwa kweli anawalisha vijidudu hao kwanza, nao humlisha ng'ombe. Ili wazaliane wanahitaji nitrojeni, ambayo kwa kawaida huipata katika protini ya malisho.

Nyasi changa za masika zina protini ya kutosha, mara nyingi zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Zikikomaa na kukauka, kiwango hicho hushuka hadi asilimia 3, 4 au 5. Kikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua, majani hukaa tumboni siku nyingi bila kumeng'enywa, na kwa kuwa tumbo halijatoa nafasi, ng'ombe hali tena. Anaonekana ameshiba. Ubavu wake umejaa, lakini mafuta ya mgongoni yanakwisha.

Kutokana na hayo, mfugaji mwenye nyasi kavu au mabua ya kutosha anahitaji kununua protini kabla ya kitu kingine chochote. Wako wanaonunua molasi peke yake kwa kuwa ng'ombe huipenda na kuilamba kwa pupa. Molasi ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini protini yake ni ndogo mno, na takriban robo ya uzito wake ni maji. Kumpa molasi tupu ng'ombe anayekula mabua ni kuongeza kuni katika jiko lisilo na kiberiti. Pumba za mahindi ni afadhali kidogo, ila nazo zina protini ya kadiri tu. Kinachoziba pengo hasa ni mashudu, na katika nchi yetu hayo ni mashudu ya pamba na ya alizeti. Mwenye uwezo wa kukausha na kutunza majani ya mikunde kama lusina, au marando ya karanga na maharage, ana sehemu ya dawa hiyo nyumbani kwake bila kwenda dukani.

Maksai wa kilo 250 anayekula mabua na nyasi kavu kwa kutosha aweza kulindwa asikonde kwa kupewa takriban kilo moja ya mashudu mazuri kwa siku. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba akipewa kilo hiyo atakula mabua mengi zaidi, si machache. Ndivyo inavyotakiwa kuwa, kwa kuwa vijidudu wamepata nitrojeni na tumbo limeanza kufanya kazi. Basi asinunue mashudu aliyekwisha kuchoma mabua yake.

Bei ya gunia na bei ya protini

Hapa ndipo mnunuzi hudanganyika kwa urahisi zaidi, na mara nyingine hajidanganyi ila mwenyewe. Mashudu hayalingani. Mashudu ya mbegu zilizokamuliwa pamoja na maganda yake yaweza kuwa na protini ya asilimia 20 na kitu. Yale ambayo maganda yameondolewa yaweza kufika 40. Gunia ni lile lile, rangi inakaribiana, na jina ni moja.

Tuchukue mfano wa kujifunzia hesabu. Tuseme duka moja linauza mashudu ya alizeti yenye protini asilimia 22 kwa shilingi 660 kwa kilo, na jirani yake anauza mashudu ya pamba yenye protini asilimia 36 kwa shilingi 900. Wengi watakimbilia ya shilingi 660. Lakini gawanya bei kwa kiasi cha protini: 660 kwa 0.22 ni shilingi 3,000, na 900 kwa 0.36 ni shilingi 2,500. Kilo moja ya protini imekuwa rahisi katika gunia linaloonekana ghali, na mzigo wa kusafirisha umekuwa mdogo. Bei za mahali pako zitakuwa nyingine. Hesabu ni hiyo hiyo.

Hesabu hii haiwezekani bila kujua kiwango cha protini, na mnunuzi ana haki ya kukiuliza. Biashara ya vyakula vya mifugo Tanzania Bara inasimamiwa na Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Muuzaji asiyeweza kukueleza bidhaa yake ilitoka kiwanda gani na ina nini ndani amekupa sababu ya kwenda duka la pili. Wanaonunua kwa tani, hasa vikundi, watapata faida kupeleka sampuli kupimwa Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania kabla ya kulipa fedha yote.

Kwa mwenye gunia mbili tatu, macho, pua na glasi ya maji vinatosha kuanzia. Tia konzi moja ya mashudu au pumba katika glasi ya maji, koroga, uache itulie. Mchanga utazama chini na kujionyesha; maganda matupu ya mpunga yataelea. Mashudu yaliyokamuliwa kwa mashine ndogo hubaki na mafuta mengi, nayo huchacha upesi, kwa hiyo yasinunuliwe ya kutosha miezi mitano. Yenye ukungu, yaliyogandamana au yenye harufu ya uvundo yasinunuliwe kwa bei yoyote, kwani yaweza kubeba sumukuvu. Gunia nalo lipimwe kwa mizani mbele yako, maana kushonwa vizuri hakuthibitishi uzito.

Mashudu ya pamba yana kasoro moja inayopaswa kujulikana. Yana kemikali iitwayo gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huivumilia kwa sababu ya vijidudu wa tumbo lake, lakini ndama ambaye tumbo hilo halijakomaa hawezi. Ndama wachanga wasipewe.

Urea

Ng'ombe anaweza kutumia nitrojeni isiyotokana na protini, kwa kuwa vijidudu wake huigeuza. Urea ya mbolea ina nitrojeni asilimia 46, nayo ni rahisi kuliko mashudu. Hapo ndipo penye kishawishi, na hapo ndipo mifugo mingi imekufa katika saa moja.

Njia iliyo salama zaidi kwa mfugaji wa kawaida ni kuitumia kulainisha mabua, si kuilisha moja kwa moja. Kwa kila kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, yeyusha kilo 4 za urea katika lita 50 hadi 60 za maji, nyunyizia tabaka kwa tabaka, shindilia ndani ya shimo au mfuko mkubwa wa nailoni, kisha funga pasiingie hewa kwa majuma matatu. Ukifungua, tandaza kiasi cha siku ile kipungwe na hewa kwa saa kadhaa ili harufu kali ipungue, ndipo ulishe.

Urea isiyeyushwe kamwe katika maji ya kunywa. Isipewe ng'ombe mwenye njaa kali, wala ndama wa chini ya miezi sita. Mawe ya kulamba yenye urea yawekwe chini ya paa, kwa sababu mvua ikituama juu yake, maji hayo ni sumu. Soma mfuko: urea huandikwa 46-0-0, na mbolea nyingine yoyote si chakula hata chembe. Ng'ombe aliyezidiwa hutoa povu, hutetemeka, huvimba tumbo na kupumua kwa shida, mara nyingi ndani ya saa moja. Mganga wa mifugo aitwe papo hapo. Kabla hajafika, ikiwa mnyama bado amesimama na anaweza kumeza, anyweshwe taratibu lita 2 hadi 4 za siki zilizochanganywa na maji baridi.

Chumvi na madini

Ng'ombe anayetafuna mifupa au kulamba udongo anatangaza upungufu, mara nyingi wa fosforasi. Mifupa ya mizoga nayo huweza kumletea sumu ya botulizimu inayopoozesha na kuua. Chumvi ya mezani haitibu upungufu huo; nunua mchanganyiko wa madini ulioandikwa wazi kuwa una fosforasi, uwekwe horini mwaka mzima.

Kunenepesha kwa ajili ya soko

Kulinda mnyama asikonde ni jambo moja, na kumnenepesha ni jingine. Anayekusudia kuuza hufungia maksai wake kwa siku 90 hivi. Mchanganyiko wa kilo 68 za pumba za mahindi, kilo 30 za mashudu, kilo moja ya chumvi na kilo moja ya madini unafaa, pamoja na majani makavu bila kipimo na maji lita 30 hadi 40 kwa siku, zaidi katika joto kali. Anza na nusu kilo ya mchanganyiko na kuongeza polepole kwa majuma mawili. Mwenye haraka akimwaga kilo 3 siku ya kwanza, tindikali itajaa tumboni na mnyama aweza kufa.

Akila kilo 3 kwa siku na kuongezeka kilo 0.6, kila kilo ya uzito imegharimu kilo 5 za mchanganyiko. Linganisha bei ya kilo 5 hizo na bei ya kilo moja ya ng'ombe hai katika mnada wako. Zikikaribiana, faida itatoka tu katika kupanda kwa daraja la mnyama mzima, na hapo ni lazima uwe umeulizia wanunuzi kabla ya kuanza. Chagua aliyekonda kwa njaa lakini mzima wa afya na mwenye mifupa mikubwa, kwa maana huyo hujirudishia uzito upesi. Aliyekonda kwa ugonjwa au minyoo atibiwe kwanza, la sivyo mashudu yatakwenda bure. Asiye na mizani atumie utepe wa kupima mzunguko wa kifua, kila baada ya majuma mawili, asubuhi kabla ya kulisha.

Iwapo utashuku kwamba umeuziwa chakula kibovu, acha kulisha mara moja. Chota kiasi cha kilo moja kutoka magunia kadhaa mbele ya shahidi, kifunge katika mfuko safi, andika tarehe na namba ya toleo iliyo kwenye gunia, na uweke pamoja na risiti mahali pakavu. Kisha mwone afisa mifugo wa kata. Malalamiko yanayokuja baada ya gunia la mwisho kuliwa na ng'ombe ni magumu sana kuyathibitisha.